6V6, EL84, 6L6 au EL34: ampu ipi ya valvu ya zamani kwa mpiga solo?

Mkuu umesema ndugu yako aliyeko Marekani kakutumia picha za ampu nne za zamani, Fender Deluxe Reverb, Twin Reverb ya miaka ya 70, Vox AC30 na Marshall ya wati 50, na unauliza valvu zipi za pawa (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti mwishoni kabla ya spika) ni bora kati ya 6V6 za Deluxe, 6L6 za Twin, EL84 za AC30 na EL34 za Marshall, ukizingatia wewe unapiga solo bendi ya dansi na Jumapili uko kanisani. Mimi hizi mashine nazitengeneza na nazipigia pia, ntajibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza kabisa usichague kwa jina la valvu. Watu wanaandika EL34 ni ya roki, 6L6 ni ya sauti klini (safi, isiyokwaruza), kana kwamba sauti imefungiwa ndani ya kile kichupa. Marshall walipoanza kule London 1962 waliiga sakiti ya Fender Bassman, na valvu zao za mwanzo zilikuwa 5881 ambazo ni ukoo wa 6L6, baadae wakahamia KT66, halafu ndo EL34 ikaingia katikati ya miaka ya 60. Kwa hiyo Marshall ile ile imepita valvu tatu tofauti na bado hakuna aliyeiita Fender. Kinachoamua ni bayasi (mpangilio wa mkondo unaopita kwenye valvu ikiwa imetulia), fidibeki (sauti inayorudishwa nyuma kusahihisha), transfoma ya kwenda spika, volteji na rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), vyote vikifanya kazi pamoja, valvu yenyewe mimi naiweka mwishoni.

Tuanze na bayasi maana hapo ndo utofauti unausikia hata ukiwa umefumba macho. AC30 inatumia bayasi ya kathodi, yaani valvu zinajipangia zenyewe kwa rezista iliyowekwa chini ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa mkondo), ukichapa nyuzi kwa nguvu mkondo unaongezeka, volteji ya kathodi inapanda, valvu inajibana, kwa hiyo noti inabanwa kidogo mwanzoni halafu inafunguka. Vidole vinaipenda hiyo hali. Ila zile EL84 nne zinagawana rezista moja, moja ikichoka wenzake wanabeba mzigo wake, na kiwango cha EL84 ni wati 12 tu kwenye anodi (bamba linalopokea mkondo), AC30 huwa inazisukuma mpaka ukingoni na mara nyingi inavuka, ndo maana zinakufa mapema na ampu inapata joto la ajabu. Pia AC30 haina fidibeki hasi, hakuna sauti inayorudishwa kutoka transfoma ya spika kuja kusahihisha sehemu ya pawa, kwa hiyo inaingia kwenye kupasuka (sauti kukwaruza) taratibu, treble inang'aa, huwezi kusema hapa ndo klini imeishia.

Deluxe Reverb, Twin na Marshall zote ni bayasi ya fiksi, kuna volteji hasi ya pembeni inayopelekwa kwenye gridi (wavu unaodhibiti mkondo ndani ya valvu), na zote zina fidibeki. Matokeo yake besi inakaza, sauti inabaki klini mpaka juu, halafu ikifika mwisho inapasuka kwa ghafla. Usumbufu wake ni kwamba ukibadilisha valvu lazima mtu apime. Hesabu yenyewe haina uchawi, chukua asilimia 70 ya kiwango cha valvu ugawe kwa volteji ya anodi. 6L6GC ni wati 30, asilimia 70 ni 21, ukiwa na volti 440 unapata kama miliampea 48 kwa kila valvu, na hiyo ni kikomo cha juu wala sio lazima uifikie, mimi binafsi naweka chini zaidi ya hapo maana sauti ya solo ya kwetu haihitaji valvu ichemke. 6V6 ya wati 12 kwenye volti 415 ni miliampea 20 tu. Fundi akikwambia anaseti kwa masikio bila mita chukua ampu yako uondoke, na wewe mwenyewe usifungue nyuma kama hujawahi, kapasita za ndani zinashika zaidi ya volti 400 hata ukishachomoa waya ukutani.

Sasa kwa kazi yako. Solo ya rumba na dansi inataka noti ya juu isikike moja moja, isichafuke wakati ngoma na besi zimepamba moto, kwa hiyo unachonunua hasa ni nafasi ya klini. Deluxe Reverb ni wati kama 22, tamu kupita kiasi na ina uzito wa kubebeka, ila kwenye bendi yenye drams na tarumbeta inaanza kukwaruza mapema, labda uiwekee maiki ipite kwenye PA (spika kubwa za ukumbi). Kanisani inatosha na kubaki. Twin ya 6L6 nne ni wati 85 mpaka 100 na za mwishoni mwa miaka ya 70 zikapandishwa mpaka 135, hizo 135 zina transfoma ya ultralinia (inayorudisha sehemu ya sauti kwenye valvu za pawa) na volteji kubwa zaidi na mimi sizipendi, zimekaa ngumu kama PA. Ukiipata ya mwanzo wa 70 ni nzuri sana na bei yake huwa chini kwa sababu wakusanyaji wanakimbilia zile za kabla kampuni ya CBS haijanunua Fender 1965. Angalia tu kwamba nyingi za kipindi hicho kitufe cha bayasi nyuma kinasawazisha valvu za upande huu na ule, hakipandishi wala kushusha kiwango, fundi akitaka anairudisha mfumo wa zamani kwa rezista chache. Na ina kilo karibu 30, jipange na mtu wa kubeba.

Wala usidanganywe na wati. Kutoka wati 15 kwenda 30 ni desibeli 3 tu, spika yenye usikivu mkubwa inaweza kukupa zaidi ya hapo. AC30 yenye spika zake mbili za Celestion inatosha kupiga ukumbi wa kawaida, shida yake kwako sio sauti ndogo, shida ni kwamba ukifika sauti ya bendi tayari imeanza kupasuka. Marshall ya wati 50 tuiache, ni ampu nzuri kwa wengine, ila utamu wake uko kwenye kuivuruga, ukiipiga klini unalipia kitu usichotumia.

Kuna wanaonunua Fender ya 6L6 halafu wanachomeka EL34 wapate ladha ya Marshall. Acha. EL34 moja inakula ampea 1.5 kwenye hita (waya unaoipasha valvu joto) wakati 6L6 inakula 0.9, transfoma inazidiwa, bayasi haifanani, na kwenye Fender nyingi za miaka ya 60 pini namba 1 ya soketi imetumika kushikia rezista ya gridi, wakati kwenye EL34 pini hiyo ni ya gridi ya tatu inayotakiwa kuungwa na kathodi. 6L6 kwenye Deluxe Reverb nayo ni hivyo hivyo, hita inakula mara mbili ya 6V6 na transfoma ya spika haijapangwa kwa ajili yake.

Umeme wa kwetu sasa. Fender ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 117 hivi na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), sisi ni 230 na hezi 50, stepdown (transfoma ya nje ya kushusha umeme) inashusha volti lakini haigusi hezi, kwa hiyo transfoma ya ndani itapata joto kuliko kwao. Umeme ukipanda 245 stepdown ya nusu kwa nusu inakupa 122, na 6V6 za Deluxe zilishakuwa juu ya volti 400 tangu kiwandani, hapo weka valvu mpya imara kama JJ ya Slovakia na uzitunze za zamani kabatini. Stepdown iwe na uwezo mara mbili ya unaohitajika, na stabilaiza mbele yake. AC30 ya Uingereza haina tatizo hili, ilizaliwa kwenye hezi 50. Rektifaya ya valvu, GZ34, kwenye Deluxe na AC30 usiibadilishe na ya diodi bila kupima, volteji itapanda, Twin tayari ni diodi.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua Twin ya mwanzo wa 70, na Deluxe kama mgongo ndo tatizo. Kabla ndugu yako hajalipa mwambie apige picha za transfoma zote, kwenye Fender tafuta namba inayoanza na 606 (alama ya mtengenezaji wa transfoma), ikikosekana uliza imebadilishwa lini, apige na soketi za pawa tuone kama kuna weusi wa kuungua. Aiwashe nusu saa, asikilize muungurumo ukiwa sauti sifuri, na aangalie kama kuna valvu anodi yake inageuka nyekundu. Zilete hizo picha hapa tuzisome.