Ugomvi wao ndio unaobeba mchezo

Swali la wiki liliuliza kama urafiki wa muda mrefu wa waandishi wawili unaweza kubeba tamthilia nzima jukwaani bila watu kupiga miayo. Mimi nasema unaweza, mradi mtunzi asiwafanye marafiki hao malaika.

Chukueni "Dear Elizabeth" ya Mmarekani Sarah Ruhl, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012. Wanaozungumza ni wawili tu, washairi Elizabeth Bishop na Robert Lowell, na maneno yao yametoka katika barua walizoandikiana tangu walipojuana mwaka 1947 hadi Lowell alipofariki mwaka 1977. Ukielezwa hivyo tu, huendi kukata tiketi. Watu wanasoma barua, basi?

Lakini umbali wenyewe unafanya kazi. Bishop aliishi Brazil miaka mingi, Lowell akiwa Marekani na baadaye Uingereza. Jukwaani waigizaji wako hatua chache tu, na bado hawawezi kushikana mkono. Mwaka 1957 Lowell alimwandikia kwamba miaka kama tisa nyuma nusura amwombe wafunge ndoa. Bishop, ambaye wakati huo alikuwa na mpenzi wake Lota de Macedo Soares, hakumjibu moja kwa moja. Barua hizo zikiwa kitabuni, msomaji anafungua ukurasa unaofuata na kusahau. Ukumbini kuna mwanamke mbele yako aliyekwisha kuambiwa neno hilo, na inabidi afanye jambo na uso wake.

Kwangu, kilele ni mwaka 1972. Lowell alimpelekea Bishop mswada wa "The Dolphin", mashairi yanayotumia barua za Elizabeth Hardwick, mke ambaye Lowell alimwacha, tena baadhi ya maneno ameyabadilisha. Bishop hakung'ata maneno. Aliyasifu mashairi kwanza, na kwa dhati, kisha akamwambia kuwa sanaa haina thamani ya kufikia hapo. Hebu fikirieni: Lowell ni mtu ambaye Bishop anampenda na kumheshimu kama fundi, na Bishop anajua kwamba akikaa kimya urafiki utaendelea raha mustarehe. Lowell alirekebisha sehemu fulani, akachapisha mwaka 1973, na mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer. Yaani rafiki alikataa, dunia ikampa zawadi! Na barua hazikukatika.

Ndiyo maana siafiki wanaosema tamthilia ya namna hii haina tendo. Kumwambia mwenzako "usichapishe" ni tendo, tena zito kuliko mapanga ya jukwaani. Zile habari nyingine, nani alimtungia nani shairi (walitungiana), zinafaa kuguswa tu na kuachwa; asiyeyajua mashairi hayo hatapata ladha yake akiwa kitini.

Nina lawama moja. Hardwick, ambaye barua zake ndizo zilizoleta kizaazaa chote, hayumo miongoni mwa wanaozungumza. Najua mchezo ni wa wawili, na mtunzi ana haki ya kuchagua. Lakini tunakaa pale tukipima kama Lowell alikuwa na haki ya kutumia maneno ya mwanamke huyu, na kwa mara nyingine tunalijadili bila yeye. Ningemwekea hata kiti.