Anza na penseli, rangi zitakusubiri

Mdogo wangu, umeuliza ununue rangi za mafuta kwanza au ujifunze kuchora kwa penseli. Penseli. Rangi za mafuta ni ghali na huchukua siku kadhaa kukauka, utakata tamaa bure. Nunua penseli ya HB, ya ugumu wa kati, ya kuanzia, na ya 4B, laini na nyeusi zaidi, ya vivuli, na daftari lisilo na mistari, basi.

Asubuhi shuka pwani hapo Bagamoyo, maji yakiwa yamekupwa na majahazi yamekaa mchangani. Usichore jahazi lililo kichwani mwako, chora lile pale. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike, fumba jicho moja, upime kwa penseli: mlingoti una urefu gani ukilinganisha na chombo chenyewe? Mimi kwa kutopima nilichora milingoti mifupi kama miiko, miezi mizima! Kisha finya macho. Vitu vidogo vidogo vitapotea, ubaki mwanga na kivuli tu. Kiweke hicho kivuli, utaona ubavu wa jahazi unavimba kwenye karatasi.

Mistari ya kwanza iwe hafifu. Raba iache nyumbani wiki ya kwanza.

Ukifikia rangi, chukua za maji: nyekundu, njano, bluu. Kijani cha mikoko changanya mwenyewe, njano na bluu, halafu tone la nyekundu kukituliza. Nyeupe ni karatasi yenyewe, iache wazi.

Ukitaka mwalimu, TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, wako hapo hapo mjini, kaulizie.