Chaguo la uwazi wa kanvasi: nilipe jina gani?

Swali: Natengeneza maktaba ya kuchorea michoro kwenye kivinjari, juu ya WebGL na 2D (njia mbili za kivinjari za kuchora). Nataka mtumiaji aamue kama kanvasi yake, yaani eneo la kuchorea kwenye ukurasa, ionyeshe kilicho nyuma yake au la. Nimekwama kati ya `transparent`, `opaque` na `alpha`. Mwenzangu anasema jina lolote linafaa mradi limeelezwa kwenye nyaraka. Unashauri nini?

Jibu: Ndugu, hapo sikubaliani na mwenzako. Watu wengi watakutana na neno hilo ndani ya msimbo wa mtu mwingine, na nyaraka zako hawatazifungua.

`transparent` iache kabisa. Kanvasi yenye chaneli ya alfa (namba ya uwazi kwa kila pikseli) si lazima iwe wazi. Ukiijaza rangi kamili pembe hadi pembe, hakuna kinachoonekana nyuma. Unachochagua ni kama kila pikseli itabeba kipimo cha uwazi, basi. Jina linaloahidi mwonekano litakuletea malalamiko.

`alpha` na `opaque` zinasema jambo lile lile kutoka pande mbili, na kanvasi ya 2D tayari inatumia `alpha`, ambayo huanza ikiwa `true`. Hapo ndipo pana mtego. Mtu akiacha `alpha: undefined` (bila thamani), anapata alfa. Mpangilio wake ukitoka kwenye faili la JSON ukiwa `null`, `null` inageuzwa kuwa `false`, na alfa inatoweka bila onyo lolote. `opaque` inayoanza na `false` haina tatizo hilo: kukosekana, `undefined` na `null` vyote vinamaanisha hapana. Kama ungebaki kwenye 2D peke yake, ningekwambia uichukue hiyo tu.

Lakini unagusa WebGL, na huko swali la ndiyo au hapana halitoshi. Chukua nyekundu yenye uwazi wa nusu. Kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, bluu na alfa, ikiandikwa kawaida ni (1, 0, 0, 0.5), na rangi zikiwa zimekwisha kuzidishwa kwa alfa ni (0.5, 0, 0, 0.5). Kivinjari kikitarajia ya pili nawe ukaipa ya kwanza, juu ya ukurasa mweusi utapata nyekundu kali kabisa badala ya nyekundu iliyofifia, na kingo za maumbo zitang'aa pasipostahili. WebGL iligawa jambo hili katika `alpha` na `premultipliedAlpha`, zote zikianza na `true`. Ukizima ya kwanza, ya pili haina maana tena, lakini bado unaruhusiwa kuiandika. Muundo unaoruhusu maneno yasiyo na maana unamwonea mtumiaji.

WebGPU, njia mpya zaidi ya kuchora kwenye kivinjari, ilirekebisha vizuri: chaguo moja, `alphaMode`, lenye thamani `"opaque"` au `"premultiplied"`, na huanza na `"opaque"`. Nakushauri ufuate njia hiyo. Ukihitaji hali ya tatu kesho, unaongeza neno tu, na msimbo wa zamani unaendelea kufanya kazi.

Nami ningeanza na `"opaque"`, kwa kuwa kivinjari hakilazimiki kuchanganya kanvasi na kilicho nyuma yake. Ila waambie watu mapema kwamba kwenye 2D isiyo na alfa, `clearRect`, amri ya kufuta eneo, huacha weusi. Wengi hutarajia weupe.

Jambo la mwisho. `getContext`, amri inayokupa konteksti (kitu unachochorea nacho kwenye kanvasi), husikiliza mipangilio mara ya kwanza tu; ukiiita tena kwa aina ile ile na mipangilio tofauti, inakurudishia konteksti ile ile na kunyamaza. WebGPU hukuruhusu kubadili kwa kuita `configure` upya, lakini 2D na WebGL hazikuruhusu. Kwa hiyo mtumiaji wako akijaribu kubadili `alphaMode` baadaye, mtupie kosa lililo wazi, na baada ya kuunda kanvasi soma `getContextAttributes()` uone ulichopewa kweli kabla ya kuchora chochote.