Una mgonjwa anaenda mionzi na mnamkorogea unga wa mlonge? Soma hapa kwanza

Nimemuuguza shangazi yangu, mtu wa Kongwa, alipopangiwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, kwa saratani ya shingo ya kizazi, na kila ndugu aliyesikia tunaondoka Dodoma akaja na chake, huyu unga wa mlonge, yule ubuyu, mwingine mbegu za zabibu kazisaga kabisa, eti vinalinda seli zisiungue. Mi simpi mgonjwa kitu kwa kuambiwa tu, so nikasoma, nikamuuliza na dokta.

Kwakweli hao ndugu hawakuwa waongo. Mionzi ikipita mwilini inayavunja maji yaliyomo ndani ya seli, hapo zinazaliwa radikali, vitu vikali hivyo ndo vinaenda kukata DNA, ile ramani inayoongoza seli. Sasa polifeno, kemikali za asili za mimea, zilizomo kwenye ganda la zabibu, manjano, tangawizi au chai ya kijani zinaweza kuzidaka kabla hazijaharibu, na kwa seli za maabara na panya wameona madhara yanapungua, hasa wakipewa KABLA ya mionzi maana radikali yenyewe haimalizi hata sekunde. Kwa binadamu ushahidi bado mdogo sana jamani.

Kasheshe ni kwamba saratani nayo ni seli. Dokta anataka DNA ya uvimbe ikatike, we unamwaga kinga mwili mzima, nani kakwambia itachagua? Kule Quebec, Canada, walichukua wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo, wengine wakapewa vidonge vya vitamini E na beta-karotini, navyo vya kudaka radikali, wakati wa mionzi, matokeo yakatoka 2005: madhara makali yalielekea kupungua, ila saratani ikaelekea kurudi zaidi kwa waliopewa. Sawa, hivyo ni vidonge si majani, lakini kazi inayotafutwa si ileile?

Shangazi tulimwachia chakula cha kawaida, mlenda wake na ugali, zabibu akizitamani anakula. Poda zote zikasubiri amalize, na mionzi ya nyonga inaharishaga vibaya, sioni sababu ya kumwongezea vijiko vya majani makavu tumboni.

Halafu hospitali wakiwauliza mgonjwa anatumia dawa gani, msijibu "hakuna" kisa ni ya miti. Tajeni zote, hata ile ya babu wa kijijini, au bebeni kabisa na kopo lake dokta alione.