Jibu: Diski "iliyosafishwa" ya katuni ya zamani

Mkuu, umeuliza inakuwaje diski ya katuni ya zamani isifiwe kuwa "imesafishwa", halafu wapenzi wa katuni wailalamikie.

Angalia mistari kwanza. Katuni za miaka ya 1950 na 1960 zilichorwa kwa mkono, zikapigwa picha kwenye filamu, na filamu ina chembechembe zake za asili. Programu ya kusafisha ikikazwa mno huziona chembe hizo kama uchafu, na ikizifuta inaondoka na mistari ya mchoraji. Chukua Cinderella, filamu ya katuni ya Disney ya 1950. Kwenye diski ya Blu-ray (picha kali kuliko DVD) ya 2012 rangi zinang'aa kweli, lakini simamisha picha uangalie mikunjo ya gauni: mistari myembamba imefifia, kwingine haipo kabisa. Inauma, maana kuna mtu aliketi akaichora mmoja mmoja. Toleo la 4K (picha kali zaidi ya Blu-ray ya kawaida) la 2023 limeirudisha, na chembechembe zake zipo.

Kwa hiyo ukiandika tathmini, usiishie kusema "picha safi". Sogea karibu na skrini, tazama vidole, kope, nywele. Katuni nyingi za enzi hizo zina umbo la 4:3, yaani upana wa 4 kwa kimo cha 3, kama televisheni za zamani. Zikijaza televisheni pana yote, ama zimevutwa ama vichwa vimekatwa. Sauti nayo isikilize: DVD za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika) kwa kawaida hukimbiza filamu kwa asilimia 4 hivi, na sauti za nyimbo zinakuwa nyembamba kidogo.

Taja diski uliyonayo na mwaka wa toleo, tuiangalie pamoja.