Kitalu cha pili cha akwaponiki: samaki waongezwe mwisho

Akwaponiki ni kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale. Msomaji ana tangi la samaki la lita 200 sebuleni, linalolisha kitalu kimoja cha saladi na mrehani. Anataka cha pili, na anauliza kama aongeze samaki mapema ili mbolea iwe tayari. Asifanye hivyo. Samaki wapya wakitangulia, amonia, sumu itokayo kwenye taka zao, hupanda haraka kuliko wanavyoongezeka bakteria wanaoigeuza kuwa mbolea, na samaki wote huanza kuhema juu ya maji.

Hesabu ianzie kwenye chakula. Mboga za majani zinataka gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kitalu cha mita 1 kwa sentimita 60 kinahitaji basi gramu 24 hadi 30. Samaki waliokwisha kukua hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wao kwa siku, kwa hiyo kilo 2 hivi za samaki zinatosha kitalu kimoja. Vitalu viwili ni kilo 4, nazo ndizo mwisho wa tangi hilo. Kilo 20 kwa lita 1,000 ni mpaka usiovukwa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kina cha maji. Kitalu chenye kokoto za kina cha sentimita 30, maji yakifika sentimita 25, hushika lita 60 hivi. Viwili vikijaa pamoja vinanyonya lita 120, samaki wanabaki na 80. Weka tangi la chini la lita 160 na pampu iwe humo: isukume maji hadi tangi la samaki, yafurike kwenda vitaluni, kisha yarudi chini. Kina cha samaki hakitabadilika tena.

Pampu itoe lita 600 kwa saa kwenye kimo halisi inachopandisha maji, si kile kiwango kikubwa kilichoandikwa kwenye boksi. Kila kitalu kiwe na vali yake. Mtiririko ukiwa mdogo, sifoni ya kengele, bomba lenye kifuniko linalomwaga maji ya kitalu kwa mkupuo kikishajaa, haishiki. Maji huchuruzika tu na mizizi haipati hewa.

Kokoto za kitalu kimoja zina uzito wa karibu kilo 300, hivyo ghorofani tumia punje za udongo wa kuchomwa. Kokoto zimwagie siki kwanza: zikitoa povu zina chokaa, usizitumie.

Sasa bakteria. Hamisha robo ya kokoto za zamani, bila kuziosha, uzichanganye na mpya. Chakula kibaki kilekile mpaka amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, zikae chini ya miligramu 0.5 kwa lita, ndipo uongeze samaki, na chakula kwa sehemu ya kumi kila baada ya siku chache. Ukianza na kokoto tupu, subira ni wiki 4 hadi 6.

Bakteria wakichapa kazi, pH, kipimo cha uchachu wa maji, hushuka. Ikipita chini ya 6 karibu wanasimama. Ishike kati ya 6.8 na 7 kwa bikaboneti ya potasiamu, ukipokezana na chokaa iliyozimwa, kidogo kidogo sana. Majani machanga yakiwa njano na mishipa kijani, chuma kimepungua: tia cheleti ya chuma (chuma kilichofungwa ili kibaki kimeyeyuka majini) aina ya DTPA, miligramu 2 za chuma kwa lita. Kwa lita 360 za matangi yote mawili na unga wenye chuma asilimia 11, hiyo ni gramu 6.5.

Taa ziwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku, na tangi lifunikwe mwani usiote.