Muhuri kwanza, MBA baadaye

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, mhandisi aliye kazini asome MBA?", ndilo ninaloulizwa mara nyingi na vijana ninaofanya nao kazi. Mmelitoa kwenye barua ya kijana wa Dodoma: mhandisi ujenzi, yuko kazini mwaka wa nne, hajasajiliwa bado kuwa mhandisi mtaalamu, ameshapata nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, jioni, na bosi wake anamwambia anakwenda kupoteza fedha. Mimi pia ni mhandisi ujenzi. Nimefanya kazi kwa wakandarasi, nimefanya kwa mhandisi mshauri, na MBA niliisoma jioni hapa Dar es Salaam nikiwa mwajiriwa. Jibu langu kwake ni ndiyo, asome, tena asome akiwa kazini. Ila mwaka huu asianze.

Asianze kwa sababu ya muhuri, ule anaoupata mhandisi akishasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iko kwa sheria ya mwaka 1997, na ngazi zake zinajulikana: unatoka chuoni unasajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, kisha mhandisi mtaalamu, na wengine wanafika mhandisi mshauri. Kati ya ngazi ya kwanza na ya pili kuna mafunzo kwa vitendo, na mpango wa miaka 3 ambao bodi imekuwa ikiuendesha tangu 2003 umewabeba vijana wengi. Unafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, unaandika kumbukumbu za ulichokifanya, anazipitia, anasaini, na mwisho wa safari kuna ripoti na usaili. Ripoti hiyo haiandikwi mchana. Inataka jioni zilezile ambazo MBA inazitaka.

Nimewashuhudia vijana wazuri wakijaribu kubeba vyote viwili. MBA inakwisha, kwa sababu ina ratiba, ina mitihani, na ada ikishalipwa inauma. Ripoti ya bodi inabaki kwenye kompyuta, mwaka baada ya mwaka. Siku likitoka tangazo la meneja mradi, sharti la kwanza ni usajili wa mhandisi mtaalamu. Shahada ya biashara haizibi pengo hilo, na aliyeketi upande wa pili wa meza hana namna ya kumsaidia hata kama amempenda. Kwa hiyo mdogo wangu wa Dodoma, andika barua chuoni uombe nafasi yako isogezwe mbele. Wakikataa, utaomba upya. Maliza ripoti, kale kiapo pamoja na wenzako, upate muhuri wako.

Hapo ndipo ndiyo yangu inaanza.

Kuna watu wanaodhani mhandisi akisoma usimamizi ameikimbia fani. Ile ratiba yenye mistari ya mlalo iliyobandikwa ukutani kwenye kila ofisi ya saiti inabeba jina la Henry Gantt, mhandisi mitambo wa Marekani. Mfaransa Henri Fayol, ambaye wanafunzi wa usimamizi wanamsoma mpaka leo, alikuwa mhandisi wa migodi. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni yake ikiwa karibu kufilisika, akaisimamisha. MIT, chuo cha Marekani kinachojulikana kwa uhandisi, kilianza kufundisha uendeshaji wa shughuli za kihandisi mwaka 1914. Usimamizi wa kisasa kwa sehemu kubwa ulizaliwa mikononi mwa wahandisi waliogundua kwamba daraja likikosa fedha halisimami, hata kama michoro yake haina kasoro.

Nitatoa mfano mmoja wa kile ambacho shahada yetu ya kwanza haikutupa vya kutosha, au ilitupa kijuujuu. Kambi ya ujenzi inahitaji jenereta. Kuna la shilingi milioni 20 na kuna la milioni 32. La bei kubwa linakula mafuta kidogo, linaokoa milioni 4 kila mwaka, na yote mawili yatatumika miaka 5. Mhandisi anapiga hesabu ya haraka: 4 mara 5 ni milioni 20, tofauti ya bei ni milioni 12, basi la bei kubwa linatuachia faida ya milioni 8. Anaandika pendekezo lake kwa kujiamini.

Mtu wa fedha anauliza swali moja tu: hiyo milioni 12 tumeikopa kwa riba ya asilimia ngapi? Tuseme ni 17. Milioni 4 ya mwaka wa tano siyo sawa na milioni 4 ya leo. Ukizirudisha zote kwenye thamani ya leo kwa riba hiyo, zile milioni 20 zinakuwa kama milioni 12 na laki 8. Faida siyo milioni 8 tena, ni laki 8. Riba ikipanda mpaka 20, jenereta la bei kubwa linaanza kutia hasara. Chuma ni kilekile, mafuta ni yaleyale, lakini uamuzi umegeuka, na kilichougeuza hakimo kwenye kitabu cha maelezo ya mtambo.

Hesabu hiyo mhandisi anaielewa ndani ya saa moja. Sisi hatuogopi namba. Kigumu ni kujua kwamba ipo, na kuikumbuka kwenye kikao wakati mkurugenzi anakutazama.

Lipo jingine linalouma zaidi, nalo ni fedha kukauka wakati kazi inaendelea. Chukua mkataba wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu. Mkandarasi anamaliza kazi za mwezi, anapeleka madai, na mwajiri, yaani mwenye mradi, ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi wa mradi apokee madai hayo na vielelezo vyake. Siku 56 hizo ni za mwajiri mwaminifu. Nondo, saruji na dizeli vimeshalipiwa, vibarua wanalipwa kwa wiki, na sehemu ya kila malipo inazuiliwa kama dhamana, nyingine mpaka muda wa matazamio, ule wa kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi, uishe. Kama umetumia milioni 500 za benki kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, siku hizo 56 pekee zinakula karibu milioni 13. Je, hiyo milioni 13 iliwekwa kwenye bei za zabuni? Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi haikuwekwa. Kwenye makaratasi mradi ulikuwa na faida. Saiti greda na kijiko vilikuwa vimesimama kwa kukosa dizeli, na vijana wa zege walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri mishahara. Sote tuliokuwa pale tulikuwa wahandisi wazuri.

Mambo hayo ndiyo yanayonifanya niseme asome akiwa kazini. Darasani mwalimu anapofundisha mtiririko wa fedha, mwenzako aliyetoka chuoni mwaka jana ananakili. Wewe unakumbuka ile saiti. Unainua mkono, unauliza kitu ambacho mwalimu hakukiandaa, mtu wa benki aliyekaa nyuma yako anajibu kwa namna wanavyoliona wao wanapopokea maombi ya dhamana ya mkandarasi, na mnajikuta mmejifunza wote, mwalimu naye. Darasa la jioni lina mhasibu wa hospitali, ofisa ununuzi, mfamasia, mtu wa bima, askari. Kwa mhandisi aliyezoea kukaa na wahandisi wenzake, watu hao ni nusu ya faida ya ada. Mtu wa ununuzi ndiye aliyenifumbua macho nikaelewa kwa nini barua zetu za madai ya ziada zilikuwa zinakwama: tulikuwa tunaandika kama ripoti ya maabara, kurasa kwa kurasa, na kifungu cha mkataba tunachokitegemea tunakizika ukurasa wa tisa.

Ndiyo maana siwashauri watu waache kazi. Anayeacha kazi anapoteza mshahara, na pia anapoteza meza ya kujaribia alichojifunza jana. Isitoshe, fani yetu haina subira: mhandisi aliyekaa nje ya saiti muda mrefu hukuta timu imeshaundwa, vifaa vimebadilika, na waliokuwa wakimpigia simu wana namba za mtu mwingine.

Sasa niseme ugumu wenyewe, kwa kuwa wanaotangaza kozi hizi hawausemi. Ugumu mkubwa wa mhandisi ni saiti. Mhasibu wa Posta anajua Jumanne ijayo atakuwa wapi. Mhandisi anaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu aripoti Katavi, na muhula ndiyo kwanza umeshika kasi. Darasa la jioni Mlimani, kwenye Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwenye kampasi ya Mzumbe hapa mjini, linafaa kwa mtu wa ofisi ya usanifu au makao makuu. Aliye kwenye barabara za mikoani aangalie kozi za vipindi, zile za kukaa darasani siku kadhaa mfululizo kisha kurudi kazini, au Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wasioweza kukaa mahali pamoja. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, aulize kwa maandishi: nikihamishwa katikati ya muhula, naruhusiwa kuahirisha somo moja bila kulipia upya? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la chuo.

Ugumu mwingine ni mfuko. Wengi wetu tulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa mpaka deni liishe. Ukiongeza mkopo wa benki wa ada juu yake, kinachobaki hakimlishi mtu mwenye familia. Ningekuwa yeye ningejikusanyia ada ya mwaka wa kwanza katika kipindi hiki anachomalizia ripoti yake ya bodi.

Na nyumbani. Kwa dada zangu wahandisi nasema hili bila kuzunguka: kikao na mwenzako kifanyike kabla ya kujaza fomu. Nani atawachukua watoto shule, nani atakuwepo mtoto akiumwa homa usiku wa kuamkia mtihani. Mume wangu alikubali, na dada yetu wa kazi tulimwongezea mshahara, maana kazi iliyoongezeka ilikuwa yake. Waliosoma bila kikao hicho nimeona gharama waliyolipa, na sitaki kuiandika gazetini.

Si kila mhandisi anahitaji MBA. Anayependa usanifu na anataka kuwa bingwa wa madaraja, aende uzamili wa miundo. Nchi hii inawahitaji sana watu hao, na inasikitisha tunavyowasukuma wote wawe mameneja kwa sababu ndiko mishahara iliko. Anayetaka kuongoza miradi bila kutoka kwenye uhandisi, Chuo cha Uhandisi na Teknolojia pale Mlimani kina uzamili wa usimamizi wa uhandisi, auangalie kwanza. MBA imfae yule ambaye meza yake imeshaanza kupata maswali ya fedha, watu na mikataba, au anayetaka kusajili kampuni yake.

Kuhusu bosi wa Dodoma, mimi nisingebishana naye. Ukishapata muhuri, usiende kwake na fomu ya chuo. Nenda na mada ya tasnifu yako: mitambo ipi kampuni inunue na ipi ikodi, kwa hesabu za miaka mitatu iliyopita zilizomo kwenye mafaili yake mwenyewe. Mwambie matokeo utamkabidhi yeye kabla ya kuyapeleka chuoni, kisha uombe ruhusa ya kutoka saa kumi jioni siku za vipindi na mchango wowote wa ada atakaouweza. Akikubali, muombe aiandike ruhusa hiyo kwa barua, kwa sababu wakuu wa miradi huhamishwa na atakayekuja hatajua mliahidiana nini.

Mhandisi ujenzi,
Tabata, Dar es Salaam